Mashine ya Bi Riziki Nyuma ya Pazia

Wanangu mnaojifunza kazi hii ya mashine za kufulia, kwanza niacheni nipumue. Nimestaafu. Magoti yangu ndiyo yaliyotangulia kuomba ruhusa, mimi nikayafuata. Lakini kila nikifungua simu asubuhi nakuta mmenitumia sauti: ghururu, ghururu, ghururu, na chini yake mmeandika, "Mzee Makame, hii nini?" Yupo mmoja wenu, sitamtaja kwa kuwa mama yake huniletea mihogo ya nazi, alinitumia kelele moja nikaisikiliza nimefumba macho mpaka chai ikapoa. Nikamjibu kwa heshima zote kuwa beringi zimekwisha, abadilishe. Kumbe simu yake aliiegemeza kwenye feni, na niliyoisikia ni feni. Mashine ya watu ilikuwa nzima, maskini, na yeye keshaifungua yote.

Basi nitayasema mara moja, mnisome, halafu mniache ninywe chai yangu ya moto.

La kwanza, kabla hujashika spana, uliza: inapiga kelele wakati gani? Mashine ina nyakati zake. Kuna wakati wa kuingiza maji, wakati wa kufua polepole, wakati wa kumwaga, na wakati wa kukamua, ambapo ngoma ya ndani, lile pipa lenye matundu linalobeba nguo, huzunguka mbio. Ikilia wakati wa kumwaga, tazama pampu na chujio lake pale chini mbele. Ikiunguruma wakati wa kukamua, na ukiizima na kuigeuza ngoma kwa mkono unasikia inasaga kama mtu anayetafuna mchanga, hizo ni beringi, zile gololi zinazoibeba ngoma. Ikipiga vishindo na kutembea chumbani, tazama miguu yake, tazama sakafu, kisha tazama na mwenye nyumba kaingiza nini. Blanketi moja zito likiwa peke yake hujikusanya upande mmoja likairusha mashine nzima. Watu hili hawaliamini, kwa sababu wakihesabu wanaona ni nguo moja tu.

La pili, mwenye mashine atakuficha kitu. Mficha uchi hazai, na wahenga waliosema hivyo nadhani walikuwa mafundi. Kengeja niliwahi kukuta mashine imesimamishwa juu ya godoro. Godoro la watu, la sufi! Mwenyewe akaniambia aliiona inaruka sana akaihurumia. Wete nikakuta nyingine imefungwa kamba ya ng'ombe kwenye nguzo, na bwana wa nyumba amesimama kando na bakora. Na msimu wa karafuu ukiingia ndiyo usiseme. Kila pampu nitakayofungua ina makonyo, vile vijiti vya karafuu, maana watu hutoka mashambani wakavua nguo, na mifuko yao ikaingia kwenye mashine kama ilivyo. Ukiwauliza, wote huapa kuwa walikung'uta.

Aliyenifundisha mimi alikuwa Bwana Kanji, Mhindi mwenye duka pale Chake Chake. Mbele akiuza vyerahani na feni, nyuma akitengeneza vilivyoharibika. Mashine za kufulia zilipoanza kuingia kisiwani kutoka Maskati na Dubai, watu walimletea yeye kwa kuwa hapakuwa na mwengine. Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii vizuri, jambo alilolikana mpaka siku ya mwisho. Yeye alilitumia kwa hesabu: sikio zima alilielekeza kwenye mashine, bovu akawaachia wateja. Nami kila nilipoinama na spana yangu alinipigia kelele, "Mikono nyuma! Mikono nyuma, Makame!" Nikaiweka mikono nyuma kama mtoto wa chuo cha Kurani. Akasema, "Sasa sikia. Ukishasikia, uliza. Ukishauliza, ndiyo shika." Nilidhani ananionea. Nilikuwa kijana, na kijana mwenye spana mpya huona kila nati inamwita.

Sasa nikuelezeni siku ambayo mikono ilikaa nyuma kwelikweli.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho wa kazi. Bi Riziki wa Madungu alinipigia simu, sauti yake ya chini chini. Mume wake, Faki, tulikuwa tumemzika si muda mrefu. Tukisalimiana msikitini kila siku, na jeneza lake nami nililibeba. Bi Riziki alikuwa edani, amekaa ndani na nguo zake nyeupe, haonekani na mwanamume asiye maharimu yake, wale ndugu wasioweza kumwoa, mpaka miezi minne na siku kumi ziishe. Akaniambia mashine yake inapiga kelele mpaka kuta zinatikisika. "Njoo leo, fundi, kwa hisani yako. Kesho itakuwa haina faida tena."

Nikafika. Nyumba ile ina ukumbi, chumba cha Bi Riziki kina pazia mlangoni, na pembeni yake chumba cha mama mkwe wake, Bi Mize, ambaye miguu ilikwisha nguvu akawa mtu wa kitandani. Vyumba hivyo viwili vimepakana ukuta mmoja.

"Hodi!"

"Karibu, fundi. Kaa hapo hapo kwenye kiti, usije mbele."

Nikampa pole yangu. Hatujamaliza kupokezana dua, sauti ikatoka chumba cha pili.

"Nani huyo?"

"Fundi wa mashine, mama!"

"Fundi kweli, au mwengine tena kaja kuniangalia kama n'shakufa?"

"Fundi, mama."

"Haya. Mwambie asiivunje. Tunayo hiyo moja."

Nikajua hapa nimepata mwenzangu wa maneno. Lakini Bi Riziki hakuwa na mzaha siku ile. Alinieleza nyuma ya pazia, na nitakuelezeni alivyonieleza, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini nilitoka jasho kwa kazi ya kukaa kitini.

"Shemegi Hamadi kasema kesho baada ya sala ya Ijumaa anakuja na gari la Kengeja, kumchukua mama akakae kwake," alisema. "Shuka za mama zataka kufuliwa kila siku. Bomba liko uani, na ua uko wazi kwa wapita njia. Mie niko edani, n'tatokaje? Humu ndani kwa beseni n'lijaribu. Mikono hino imevimba vifundo, haikamui shuka. Kwa mashine kukifulika, lakini sasa ikianza kukamua inapiga ukuta, na kitanda cha mama ki upande wa pili. Mama anashituka, na moyo wake si mzima. Shemegi kaniahidi: mashine ikifua bila ya kumtikisa mama, mama anabaki. Isipofua, kesho ndo mwisho."

Nikataka kumchokoza kidogo, ndiyo tabia yangu. Nikasema, "Kengeja si mbali, Bi Riziki. Na kwa mwanawe ni kwake pia."

Papo hapo nikaulaumu ulimi wangu.

"Ni kwake," akasema. "Ila sisi hatukujaaliwa mtoto, fundi. N'lipoingia nyumba hino n'likuwa msichana, na huyu ndiye aliyenifundisha hata kuwasha moto. Faki keshaondoka. Akiondoka na huyu, asubuhi n'tamwamkia nani?"

Nilijifanya natafuta kitu mkobani.

Na msije mkamwona Hamadi mtu mbaya. Namjua. Ni seremala, mikono yake kama makoleo, na anampenda mama yake kuliko macho yake. Mtu aliyemzika kaka yake halafu akaja kumkuta mama anatetemeka kitandani, ungetaka afanye nini?

Najua kuna mjuaji kati yenu keshaanza kuniuliza: si Bi Riziki angehamia chumba cha mkwewe, wewe ukaingia ukaitengeneza? Nami nilimuuliza hilo hilo. Akaniambia siku ya hitma, kile kisomo cha kumwombea marehemu, mashine ilipoingizwa humo chumbani, yeye alikaa upande wa pili na wanawake, wanaume wakaingia wakaiweka wakatoka. Kesho yake mtaa mzima ukasema wanaume wanaingia chumba cha eda. "Sitaki mara ya pili," akasema. "Watu wa Madungu wana midomo. Sina wa kunisemea, kaka yangu yuko kisiwa cha Fundo na dago, kambi ya wavuvi. Weye n'ambie la kufanya, mikono n'nayo, japo mibovu."

Kuitoa mashine ukumbini nako haikuwezekana. Ndani ya mashine ya namna ile kuna kipande kizima cha saruji cha kuituliza. Mwanamke mmoja mwenye vifundo vilivyovimba haisogezi zaidi ya shubiri.

Basi nikakaa kitini, mikono juu ya magoti, na pazia mbele yangu lenye maua mekundu. Bwana Kanji angekuwa hai angecheka mpaka akasikia kwa masikio yote mawili.

"Iwashe," nikasema.

Maji yakaingia vizuri kwa mpira uliopitishwa dirishani kutoka bomba la uani. Ikafua, na kila ngoma ilipogeuka nikasikia kishindo kidogo, gu, gu, kama mtu anayetia kifuniko cha sufuria kisichoenea. Ikamwaga maji, na hapo nikasikia mkwaruzo wa pili, mdogo. Kisha ikaanza kukamua, na hapo, wanangu, ikacheza msewe, kama wale wachezaji wenye njuga miguuni. Ukumbi ulitikisika. Picha ya Makka ukutani ikapinda.

"Allahu Akbar!" akapiga kelele Bi Mize. "Zimeni hiyo! Fundi kaja kuniua haraka zaidi!"

Ikazimwa. Nikamwambia Bi Riziki achomoe waya ukutani kabisa, kwa sababu mashine iliyozimwa kwa swichi tu bado inaweza kukupiga shoti, na hilo mlishike hata mkisahau yote mengine. Kisha afungue mlango wa mbele, atie mkono, aigeuze ngoma polepole.

"Inasaga?"

"Haisagi. Yazunguka laini."

"Tia sikio lako karibu."

"N'metia. N'nasikia pumzi zangu."

Beringi nzima basi. Nikamwambia aweke sinia chini mbele, afungue kile kifuniko kidogo, azungushe chujio kushoto. Nikayasikia maji yakimwagika, na Bi Riziki akimwita Mola wake, maana sinia lilikuwa dogo na mimi sikumwambia atayarishe matambara. Mumwambie mtu mapema. Katika chujio akatoa kitufe, konyo la karafuu, na bizimu la kubania nguo.

"Bizimu la namna gani?" akauliza Bi Mize upande wa pili. Miguu ilikuwa imekwisha, lakini masikio ya yule bibi yangefaa kuajiriwa na Bwana Kanji.

"La fedha, mama, lenye jiwe la kijani."

"Ala! Langu hilo! Na yule binti wa jirani n'shamfukuza mara mbili!"

Nikashangilia moyoni. Nikasema bizimu ndilo mwizi wetu, rudisha chujio, washa. Ule mkwaruzo wa kumwaga maji ulikwisha kweli. Halafu ikaanza kukamua, ikacheza msewe ule ule, na Bi Mize akaanza kusoma Yasin kwa sauti.

Ikazimwa tena, waya ukachomolewa. Nikamwambia Bi Riziki aweke sahani ya maji juu ya mashine atazame maji yanakimbilia upande gani. Hii ni pima maji ya maskini na haidanganyi. Akaniambia yamekaa sawa pande zote. Aitikise mashine kwa pembe: haichezi, miguu yote minne imekaa imara. Nikamuuliza alifua nini. Shuka mbili na kanga, akasema, zimetawanyika vizuri. Nikaishiwa. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, nami nimekaa na elimu yangu yote, nalitazama ua moja jekundu la pazia.

Nyuma ya pazia Bi Riziki akasema, taratibu, "Basi, fundi. Hata ukishindwa, Mungu akulipe kwa kuja." Ilinichoma. Afadhali angenitukana.

Ndipo nikakumbuka kuwa nimesikia, nimeamrisha, lakini sijauliza lililo kubwa. Mashine haiamki asubuhi ikaamua kuharibika. Kuna kilichobadilika.

"Bi Riziki, kelele hizi zilianza lini?"

"Tangu iliporudi."

"Iliporudi kutoka wapi?"

"Kwa jirani. Wakati wa msiba si tulitoa vyombo vyote, watu wapate kukaa? Mashine wakaipeleka kwa jirani. Siku ya hitma ndo wakairudisha, shemegi akiwasimamia."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo ilikuwa kimya. Faki akisema yafua kama mtu anayenong'ona."

Nikasimama, nikakaa tena. "Fungua mlango wa mbele. Tia mkono ndani, juu, uisukume ngoma kwenda juu. Usiigeuze. Isukume kama unayeinua kifuniko."

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Haiendi."

"Kidogo tu? Hairuki ruki?"

"Haisogei, fundi. N'nasukuma jiwe."

Wanangu, ngoma ya mashine hii huning'inia kwenye springi. Ukiisukuma lazima inyanyuke na kurudi, ndivyo inavyoweza kuzunguka mbio bila kukubomolea nyumba. Lakini mashine mpya inapotoka kiwandani, ile ngoma hufungwa kwa nyuma kwa bolti kubwa, ili isirukeruke melini na kuvunjika. Mimi huziita bolti za safari. Mashine ikifika nyumbani zinatolewa, zinawekwa kando mpaka siku ya kuhama tena. Ukiiwasha nazo zimo, ngoma inayotaka kucheza inalazimika kucheza na mashine nzima. Mnajua hayo kwa mashine mpya. Lakini ile ilikuwa imefua miaka kimya kimya. Nani angewaza bolti za safari?

"Zunguka nyuma, ujibane hapo ukutani," nikasema. "Unaona bolti kubwa zilizoingia kwenye mgongo wake?"

"Nne. Zinang'aa. Lakini Faki alizitoa hizi, mie n'likuwepo! Akazitia kwenye mfuko akauning'iniza hapa nyuma." Nikamsikia akipapasa. "Mfuko upo. Mtupu."

Sote wawili tulikuwa tunajua ni nani aliyesimamia kurudishwa kwa mashine, na ni nani katika ukoo ule asiyeweza kuona tundu bila ya kulitia msumari.

"Shemegi," akasema.

"Shemegi," nikasema.

Bi Mize akauliza, "Hamadi kafanya nini?"

"Hakufanya kitu, mama," tukamjibu kwa pamoja.

Nikapenyeza spana chini ya pazia. Nikamwambia ageuze kama anavyofungua kifuniko cha chupa. Ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, ya tatu ikamtoa jasho lakini ikatoka. Ya nne ikagoma. Alijaribu, akapumzika, akajaribu. Nilimsikia akilia kwa maumivu ya mikono, kilio kile cha mtu asiyetaka asikiwe. Na mimi mwanamume mzima niko hatua chache tu, nimeshika magoti.

Nikatia mkono mkobani nikatoa kipande cha bomba la chuma, kama urefu wa mkono wa mtu mzima. Nikalipenyeza nalo. "Livike bomba kwenye mpini wa spana. Ushike mwisho kabisa. Usitumie viganja, tumia uzito wako, ning'inia." Bolti ngumu haihitaji misuli, inahitaji mpini mrefu. Nyinyi wenye vifua mnaopenda kukaza mishipa ya shingo mbele ya wateja, lisomeni hilo mara mbili.

Kikasikika kishindo, na ukelele, "Mama wee!"

"Imevunjika?"

"Imefunguka!"

Alipoisukuma ngoma tena ikaruka na kurudi, akacheka peke yake humo ndani. Nikamwambia, haya, rudisha waya, tuijaribu. Akarudisha. Akabonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Nikainua macho, feni ya ukumbini ilikuwa imesimama. Umeme ulikuwa umekatika, na haukurudi mpaka mchana wa Ijumaa. Nikaondoka bila ya kujua kama nimetengeneza kitu au nimetoa bolti tu.

Kesho yake nilisali Ijumaa bila utulivu, Mungu anisamehe, nikaenda Madungu moja kwa moja. Nilipofika, gari la abiria la Kengeja limesimama barabarani, na Hamadi anashuka na kanzu yake ya sala, godoro jembamba begani la kumlazia mama yake garini. Tukasalimiana. Tukapiga hodi pamoja, tukaingia ukumbini. Bi Riziki akaitika nyuma ya pazia kuwa shuka zishafulika, imebaki kukamua, na tukasikia mlio mdogo wa swichi.

Kisha tukasimama. Maji tuliyasikia yakimwagika, halafu hatukusikia kitu tena. Feni ilikuwa inazunguka, kwa hiyo umeme ulikuwapo. Muda ukapita.

Hamadi akatikisa kichwa. "Imekufa kabisa," akasema, na hakusema kwa furaha. "Si n'lisema, shemegi? Haidhuru. Umejitahidi, na mama kaona. Mie n'tamchukua." Bila ya kungoja jibu akaingia chumbani kwa mama yake na lile godoro.

Nikamfuata mpaka mlangoni. Bi Mize alikuwa amelala, ushungi wake umefungwa vizuri, uso ameuelekeza ukutani.

"Mama, gari lishafika."

"Weka mkono hapa," akasema Bi Mize.

"Mama, dereva..."

"N'mekwambia weka mkono hapa ukutani!"

Hamadi akainama, akaweka kiganja ukutani juu ya kichwa cha mama yake. Akatulia. Nikamwona uso unambadilika.

"Hino ndo inakamua?"

"Tangu weye unasema imekufa," akasema mama yake. "Nilikuwa n'shaanza kusinzia, ukaja na magari yako."

Nami, ambaye maisha yangu yote sijaacha nafasi ya utani ipite, nilikuwa na maneno matatu mazuri sana juu ya maseremala na bolti. Nilikuwa nimeyaandaa tangu jana. Hamadi akatoka akanishika mkono tukakaa barazani, akaniuliza ilikuwa na nini. Nikamwambia ukweli, lakini nikaupunguza makali: kulikuwa na bolti nne nyuma za kusafirishia, zikatakiwa zitoke.

Akaangalia chini. "Nilizikaza mie," akasema. "N'liziona kwenye mfuko, n'kaona matundu yako wazi. N'kasema Faki alikuwa na haraka, hakumaliza. N'kataka n'mmalizie kazi yake."

Maneno yangu yote matatu yakanikauka mdomoni. Nimewahi kuona watu wakiharibu mashine kwa ubahili, kwa uvivu na kwa ujuaji. Yule aliiharibu kwa kumpenda kaka yake, na kwa hilo sikuwa na utani. Nikamwambia Faki alikuwa amemaliza, tena vizuri. Nikamwambia hata mimi kuligundua kulinichukua mchana mzima, na kweli kulinichukua.

Mashine ikalia kule ndani kuwa imemaliza. Bi Riziki akaita kwa jirani kama kuna mtoto wa kuanika, hakuna aliyejibu. Beseni la shuka likasukumwa taratibu likatokeza chini ya pazia. Hamadi akainuka, akakunja mikono ya kanzu, akalichukua mwenyewe.

Kule uani wapita njia walisimama kumtazama yule seremala mwenye mikono ya makoleo akitafuta ncha ya shuka asiione. Nikaenda kumshikia upande wa pili. Dereva akapiga honi. Bi Mize akapaza sauti kutoka kitandani, ikapita dirishani, "Nyoosheni upindo huo! Hiyo n'talalia mie usiku, si nyie!" Honi ikalia tena, ndefu. Hamadi alikuwa amebana vibanio kwa meno na hakuweza kusema, akainua mkono uliolowa maji akampungia dereva aende.